Nyundo ya Kuazima

Nimeshuka treni alfajiri nimevaa koti la mazishi,
sina jingine la heshima.
Ylva kanipokea stesheni, akacheka:
"Baba, hajafa mtu."

Mto umefura kwa theluji iliyoyeyuka huko kwetu juu,
unakatiza mji wa Uppsala mbiombio
kama mwanafunzi aliyechelewa mtihani.
Baiskeli zimefungwa kwenye kila chuma.
Kunguru wadogo wa shingo za kijivu
wanagombea kipande cha mkate wa mdalasini
mbele ya kanisa la minara miwili.
Ylva anaonyesha kwa kidole: hapa walisomea sheria,
pale elimu ya dini, karne tano na zaidi.
Mimi natazama bawaba.

Ndivyo nilivyo. Wengine husoma maandishi juu ya mlango,
mimi nausoma mlango.

Tukapanda hadi chini ya kuba,
kwenye ukumbi wa kupasulia maiti:
ngazi za duara, moja juu ya nyingine,
nyembamba, wima, kama umo ndani ya pipa.
Viti hakuna. Walisimama, wakaegemea ukingo,
wakachungulia meza moja tu kule chini.
Mwongozaji, kijana mwenye herini ya fedha,
anasimulia wezi walionyongwa, visu, mishumaa,
na wageni wote wameikodolea meza macho.
Mimi nimeweka kiganja juu ya ukingo.
Nikapapasa. Nikapapasa tena.
"Mbao hii si ya zama hizo," nikasema,
nikashtuka sauti yangu ilivyozunguka kuba.
Kijana akatabasamu kwa haya.
Kweli, mzee, ulijengwa upya karne iliyopita,
wa kwanza ulishabomolewa.
Ylva akaninong'oneza, "Mimi ningehitaji kekee,
hadubini, na miezi minne."

Alikuwa na miaka sita, nimeangusha msonobari nyuma ya nyumba.
Nikamkalisha kando ya kisiki, nikampa msumari
aufuate mstari baada ya mstari, kutoka gome hadi moyo.
Huu mwembamba ni mwaka wa baridi kali.
Huu mpana, mamako alizaliwa.
Akahesabu hadi giza likaingia, akalia
kwa kuwa alipotea kwenye tisini na kitu
ikabidi aanze upya.

Leo anahesabu mapaa ya makanisa ya kaskazini,
boriti kwa boriti, na ndizo kurasa mia mbili na kumi
za tasnifu hii, kwa Kiingereza, nisichokijua.
Nimeifungua. Nimefunga. Nimefungua tena.
Ukurasa wa thelathini na moja kuna picha ya kisiki.
Hicho nakijua.

Desturi yao ni hii: kabla ya kuitetea,
unaigongomea tasnifu ukutani, watu wote waione.
Kuna ubao kwenye korido, umetobokatoboka.
Profesa Birgersson akamkabidhi nyundo,
nyepesi, mpini umefungwa utepe,
nyundo ya kutundikia picha za watoto.
Akapiga. Msumari ukapinda.
Wakacheka, kicheko chema, mtu akamimina kahawa.
Akapiga wa pili. Ukapinda.
Akageuka kunitazama,
na mkono wangu, Mungu anisamehe, ulishatoka mfukoni.
Nikaurudisha.
"Shika mwishoni mwa mpini," nikasema.
"Uache uzito ufanye kazi. Unaibana shingo."

Wa tatu ukaingia mara mbili tu, pa, pa,
ukapenya gamba, kurasa, jina lake na jina langu,
kisiki na vyote.
Sikupiga makofi. Nilikuwa nimeinama
naokota ile miwili sakafuni,
maana msumari hautupwi.

Usiku, ndani ya treni, misonobari ikikimbia dirishani,
nikautia mkono mfukoni mwa koti, nikaigusa.
Itakaa humo.
Sijui nitalivaa tena lini, wala kwa ajili ya nani,
ila siku hiyo, kanisani, kidole changu
kitakuta vyuma viwili vilivyopinda,
na watu watashangaa kwa nini nacheka.